Datsun 240Z ya mwaka 1972: nianzie wapi kurejesha ndani, na nibadilishe nini?

MwenyeZ72

Habari zenu, wanajukwaa.

Nimepata Datsun 240Z ya mwaka 1972. Injini, ile ya silinda 6 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2393, inawaka vizuri na giaboksi haina kelele, lakini ndani ya gari panasikitisha. Dashibodi imepasuka sehemu tano, na ufa mrefu kuliko yote unaanzia juu ya geji tatu ndogo za katikati na kwenda hadi chini ya kioo cha mbele. Aliyekuwa nalo kabla yangu aliuziba kwa silikoni, akapuliza rangi nyeusi juu yake, na sasa rangi hiyo inabanduka kama gamba la nyoka anayejivua. Viti vyote viwili vimechanika kwenye mishono ya pembeni, na kila nikikaa sponji inatoa unga wa rangi ya manjano unaonishika kwenye suruali. Zulia lililomo ni la sebuleni, lililokatwa kwa mkasi na kufungwa kwa skrubu za mbao. Kitu pekee ambacho bado kizima ni ile vinaili yenye mistari ya almasi inayofunika tuta la giaboksi, ingawa nayo imeachia gundi upande mmoja.

Nia yangu ni kuliendesha gari hili, silitaki kwa ajili ya maonyesho. Kwa hiyo ningependa ndani pafanane na palivyotoka kiwandani, lakini nipate na starehe kidogo: usukani mdogo zaidi, redio ya kisasa yenye spika nzuri, mahali pa kuchajia simu, kupunguza kelele za barabarani, na pengine viti vya kukumbatia mwili pamoja na mikanda ya pointi nne kama ya magari ya mashindano. Nimeona pia kwamba kuna vifuniko vya plastiki vya kubandika juu ya dashibodi iliyopasuka. Je, nivitumie, au nikarabati dashibodi yenyewe? Na viti nivishone kwa ngozi halisi au kwa reksini?

Jambo la mwisho, ambalo sijui kama linahusiana na haya: nikiendesha nikiwa nimeshusha vioo, ndani panajaa harufu ya moshi. Fundi wa injini amekagua ekzosi yote na hakuona tundu.

MzeeWaKarakana

Karibu sana, na hongera kwa gari. Ninakuomba usiguse dashibodi wala viti kwanza. Ng'oa lile zulia la sebuleni, kisha utazame kilicho chini yake.

Sakafu ya 240Z ilifunikwa kiwandani kwa mabamba ya lami ya kuzuia kelele, yakiwa yameshikamana na bati. Kwa zaidi ya miaka 50 lami hiyo imekauka na kupasuka, maji yakapenya chini yake, na kwa kuwa hayakuwa na pa kutokea, bati limekuwa likiliwa huku juu pakionekana pazima. Gonga sakafu yote kwa mpini wa bisibisi. Penye chuma kizima patalia kwa sauti kavu, na penye kutu patajibu kwa sauti nzito, kama unayegonga boksi la karatasi. Zingatia hasa mahali pa miguu, upande ule ambao betri imekaa kwenye chumba cha injini. Katika gari hili betri iko nyuma, karibu kabisa na ukuta unaotenganisha injini na abiria, na asidi iliyovuja kwa miaka mingi hula kisahani cha betri, kisha ukuta, kisha boriti iliyo chini. Nimeona gari lililokuwa na zulia jipya na viti vya ngozi vinavyonukia dukani, lakini kidole gumba kilipita kwenye sakafu bila shida.

Kutoa lami kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni kipulizia hewa ya moto na kikwangulio: inafaa, ila ni chafu na inachosha mabega. Ya pili ni barafu kavu, yaani kabonidioksidi iliyogandishwa, ambayo joto lake ni nyuzi 78 hivi chini ya sifuri. Ivunjevunje, itandaze juu ya lami, isubiri dakika kumi, kisha gonga kwa nyundo ya mpira. Lami inavunjika kama kigae na kuachia bati safi. Fungua milango yote na mlango wa nyuma unapofanya hivyo, kwa sababu gesi inayotoka ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na kuifukuza hewa unayoivuta. Vaa glavu nene. Usiifanye kazi hiyo ukiwa umejifungia ndani ya gereji.

Baada ya hapo chomelea panapohitaji kuchomelewa, piga brashi ya waya, paka praima ya epoksi, ziba maungio ya mabati kwa silanti, kisha rangi. Ndipo uweke kizuia kelele cha kisasa. Chagua mabamba ya butili, yaani mpira laini unaonata, yenye karatasi ya alumini juu, usinunue yale ya lami ya kuezekea paa, kwani siku ya jua kali yatanuka hadi utamani kushuka. Wala huhitaji kufunika kila inchi: kazi ya bamba ni kulizuia bati lisitetemeke, na hata robo ya eneo la kila bati ikifunikwa katikati, pale linapotetemeka zaidi, utasikia tofauti. Juu yake weka sponji ya seli zilizofungika, ambayo hainywi maji. Magunia na sponji za kawaida ni mtego, kwa sababu siku raba ya mlango ikivuja zitaloa na kubaki na maji mwezi mzima.

Sasa harufu ya moshi. Inahusiana sana, na ni vyema umeitaja. Umbo la 240Z linateremka kwa nyuma, na gari linapokwenda hewa huzunguka nyuma ya mlango wa nyuma ikiwa na mgandamizo mdogo, ikiubeba moshi wa ekzosi. Ukishusha vioo, hewa ya ndani inavutwa nje kupitia madirishani, na nafasi yake inajazwa na hewa inayoingia kwa nyuma, pamoja na huo moshi. Huingilia kwenye raba ya mlango wa nyuma iliyokauka, kwenye gasketi za taa za nyuma, na kwenye vitundu vya nyaya ambavyo vizibo vyake vya mpira vimeanguka. Magari ya mwanzo kabisa yalikuwa na matundu ya kutolea hewa kwenye mlango wa nyuma wenyewe, baadaye yakahamishiwa kwenye nguzo za pembeni. Kwa gari la 1972 lazima uyakute kwenye nguzo, basi ukiona mlango wenye matundu ujue umebadilishwa. Kupima ni rahisi: usiku, mtu mmoja ajifungie ndani pasipo mwanga na mwingine apitishe tochi kali polepole kuzunguka mlango na taa. Kila panapopenya mwanga panapenya pia moshi. Usilichukulie jambo hili kuwa la harufu tu, kwa sababu kabonimonoksidi iliyomo kwenye moshi haina harufu, na inaweza kumlaza dereva usingizi akiwa barabarani.

HalisiTupu

Nitasema kwa ufupi. Badilisha utakavyo, mradi usitoboe wala kukata chochote kilichotoka kiwandani. Ile redio ya vitufe yenye spika moja nyuma kushoto ifunge kwenye boksi, uiandike jina, uihifadhi. Vilevile usukani wa awali, ule mwembamba unaofanana na mbao: hata ukiwa na nyufa, usiutupe. Mtu atakayelinunua gari baada yako, au wewe mwenyewe ukishaichoka redio ya kisasa, atakushukuru kwa lile boksi. Binafsi nisingebadilisha usukani kabisa. Mfumo wa usukani wa gari hili hauna msaada wa haidroliki, na kipenyo ndiyo nguvu yako. Kutoka milimita 400 kwenda 350 unaongeza uzito mikononi kwa takriban asilimia 14, nao utausikia kila unapoegesha.

FundiCherehani

Ndugu MwenyeZ72, mimi kazi yangu ni viti na dashibodi, kwa hiyo nitajibu hayo mawili, nami nakubaliana na Mzee kwamba ufike kwangu mwisho. Nimewahi kushona viti vya gari ambalo baadaye lilipelekwa kuchomelewa sakafu, cheche zikatoboa reksini mpya mahali saba, na lawama nikapewa mimi.

Dashibodi ya gari lako ni fremu ya chuma iliyofunikwa sponji, na juu ya sponji kuna ngozi ya vinaili. Vinaili hulainishwa kwa kemikali ambazo jua huzitoa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Vinaili ikikauka hunywea, na kwa kuwa imeshikwa pembeni, hupasuka katikati. Ndiyo sababu ukitazama ufa kwa karibu utaona kingo zake zimeinuka na kujikunja kama ganda la ndizi lililoachwa juani. Kile kifuniko cha plastiki kinaficha ufa, lakini hubandikwa kwa silikoni juu ya dashibodi ya awali, na siku utakapotaka kuikarabati, kukibandua kutaondoka na nyama. Isitoshe kinaongeza unene, na hapo visima vya geji hubadilika umbo, jambo ambalo jicho hulitambua hata kama mtu hajui kasoro ni nini. Mimi nakushauri ukarabati iliyopo.

Itoe nje ya gari, maana huwezi kufanya kazi hii vizuri ukiwa umeinama chini ya kioo. Ondoa silikoni yote, hata ile isiyoonekana, kwa sababu hakuna gundi wala rangi itakayoshika juu ya silikoni. Kata kingo za kila ufa kwa wembe kwa umbo la herufi V, ukiondoa sehemu zote zilizoinuka hadi ufikie vinaili iliyolala sawa. Kwenye ncha ya kila ufa toboa kitundu kidogo cha milimita 2 ili ufa usiendelee. Jaza kwa kijazio kinachonyumbulika, kwa tabaka nyembamba, ukipiga msasa kati ya tabaka na tabaka. Usitumie pati ngumu ya bodi ya gari! Dashibodi hutanuka mchana na kunywea usiku, na pati ngumu haiwezi kuifuata. Utapata ufa mpya pembeni mwa ule wa zamani kabla ya mwaka kwisha. Mwisho, ama uivalishe vinaili mpya, ama upulize tabaka la kuigiza vipele vya vinaili kisha rangi isiyong'aa. Ninasisitiza isiyong'aa, kwa kuwa kioo cha mbele kimelala sana na dashibodi inayong'aa itajitazama ndani yake mchana kutwa.

Kuhusu viti, ule unga wa manjano ni sponji iliyokufa, na kushona kitambaa kipya juu ya sponji iliyokufa ni kumvisha mgonjwa suti. Vua kiti kimoja tu kwanza. Kile cha pili kiache kizima hadi cha kwanza kimalizike, kiwe kielelezo chako, maana picha za simu hazikuonyeshi mshono ulipita juu au chini ya waya. Kata zile pete ndogo za chuma zinazobana kitambaa kwenye fremu, fumua mishono kwa wembe, na kila kipande ukiandike kwa chaki upande wa nyuma: kushoto, kulia, juu, chini. Vipande hivyo ndivyo vitakuwa ruwaza. Ukifika kwenye fremu utakuta mikanda ya mpira inayobeba sponji; ivute kwa mkono, na ikikatika au isiporudi, weka mipya, la sivyo utakuwa na kiti kizuri kinachokuzamisha hadi usione boneti.

Ngozi au reksini? Kiwandani gari lako lilikuwa na reksini, na reksini nzuri ndiyo itakayofanana na ile vinaili ya almasi uliyobakiwa nayo kwenye tuta. Ngozi ni nzuri, lakini ukiiweka kwenye viti huku tuta, milango na vifuniko vya springi za nyuma vikiwa vya vinaili, utaona rangi mbili nyeusi zinazogombana. Ukiamua ngozi, chukua yenye unene wa milimita 1 hadi 1.2, na uikate vipande vyote vya kukalia kutoka katikati ya mgongo wa ngozi, kwa sababu ngozi ya tumbo huvutika na baada ya miezi michache inatengeneza mikunjo. Kwa vyovyote vile tumia uzi wa poliesta au nailoni, si wa pamba, na hatua ya mshono iwe milimita 4 hadi 5. Wengi hushona hatua ndogo wakidhani ndiyo imara, kumbe matundu yakikaribiana sana unakuwa umetengeneza stempu ya posta: ukivuta kidogo tu, inachanika kwa mstari ulionyooka.

Siku ya kuvalisha, anika kitambaa juani nusu saa kilegee, weka karatasi laini ya nailoni kati yake na sponji ili kiteleze, kisha uvute kutoka katikati kwenda pembeni. Mikunjo midogo iliyobaki itaondoka kwa mvuke.

MwenyeZ72

Nawashukuru nyote. Mzee, nimeng'oa zulia na kugonga sakafu kama ulivyoelekeza. Upande wa dereva umelia vizuri kila mahali. Upande wa abiria, chini ya miguu, bisibisi haikulia hata kidogo, ilizama. Na nilipobandua lami spana yangu namba 10 iliponyoka, ikapita kwenye tundu na kutua chini kwenye sakafu ya gereji. Betri iko juu ya hapo hapo. Fundi wa kuchomelea anakuja wiki hii.

Bado sijapata jibu kuhusu umeme na ile mikanda ya pointi nne. Nimegundua pia kwamba nikiwasha taa kubwa kwa muda mrefu, swichi iliyo kwenye nguzo ya usukani inapata moto.

WayaMwekundu

Hilo la swichi kupata moto lishughulikie kabla ya redio, na acha kuendesha usiku kwa sasa.

Katika 240Z umeme wote wa taa za mbele hupita ndani ya swichi ile. Balbu mbili za wati 55 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampia 9, nazo zinapita kwenye vijisahani vya shaba ambavyo vimechakaa na kushika kutu tangu mwaka 1972. Kutu ni ukinzani, ukinzani ni joto, na joto linayeyusha plastiki inayoshikilia vijisahani. Safisha swichi, kisha ongeza rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa na umeme mdogo ili zipitishe umeme mkubwa, karibu na taa: swichi ibaki kuiamrisha rilei tu, na mkondo mkubwa utoke kwenye betri kupitia fyuzi yake. Angalizo moja ambalo huwachanganya wengi: katika gari hili, kubadili kati ya mwanga mkubwa na mdogo hufanyika upande wa hasi. Waya wa chanya unafika kwenye taa, na swichi inachagua ni waya upi utakaorudi kwenye bodi. Hakikisha kwa multimita kabla ya kukata waya wowote, maana michoro ya rilei za magari mengine haitakufaa.

Pia, kwa kuwa utakuwa umeshatoa dashibodi, chunguza nyaya za nyuma ya geji ya ampia. Umeme unaotumiwa na gari hupita huko, na nati iliyolegea hapo huwa na joto la kutosha kuyeyusha mpira wa waya. Zikaze na uzisafishe. Sanduku la fyuzi limo ndani ya konsoli ya kati, kwa hiyo ukiweka redio au chaja hapo usizibe njia ya kulifikia. Nimekutana na konsoli iliyogundishwa kwa ustadi mkubwa, na fyuzi ilipokatika ilibidi ivunjwe.

Redio na chaja zipe waya wao kutoka kwenye betri, zenye fyuzi ndani ya sentimita chache kutoka betrini, na usichomoe umeme kwenye waya wa taa kwa sababu tu uko karibu. Spika unaweza kuzificha nyuma, kwenye visanduku vilivyoegeshwa pembeni mwa vifuniko vya springi bila kutoboa bati, na hapo HalisiTupu atalala usingizi.

Mikanda ya pointi nne, hapana. Mikanda ya mabega ya aina hiyo hutakiwa kwenda nyuma karibu sambamba na mabega, na gari lako halina boriti ya kuifungia. Watu huifunga sakafuni nyuma ya kiti, na siku ya ajali mkanda unavuta mabega kwenda chini na kuukandamiza uti wa mgongo. Weka mikanda mipya ya pointi tatu inayojikunja yenyewe, kwenye matundu ya bolti ya kiwandani. Ile ya zamani usiitumie hata ikioshwa ikapendeza. Nyuzi zake zimeliwa na jua.

MwenyeZ72

Nimesitisha safari za usiku, na nimeagiza rilei. Fundi amekata bati la upande wa abiria lenye ukubwa wa karatasi ya A4 na kuchomelea jipya, pamoja na kisahani cha betri.

Jana usiku mwanangu alijifungia nyuma nami nikapitisha tochi. Raba ya mlango haikuonyesha kitu, lakini kwenye taa ya nyuma ya kulia mwanga uliingia kama umewasha taa chumbani. Nilipoifungua nilikuta gasketi haipo kabisa. Mtu aliwahi kuibadilisha taa akairudisha bila gasketi. Nimeweka gasketi mpya pande zote mbili, na leo nimeendesha saa nzima na vioo vikiwa chini bila kusikia harufu.

Usukani wa awali nimeamua kuuacha. Kiti cha kulia kimebaki fremu na vipande vilivyoandikwa kwa chaki, na mikanda miwili ya mpira ilikatika nilipoivuta kwa kidole. Cha kushoto hakijaguswa. Ndugu FundiCherehani, sponji ya mgongo ninaweza kuichonga mwenyewe kwa kisu cha mkate, au nisubiri iliyomwagwa kwenye kalibu?

FundiCherehani

Ya mgongo ichonge tu, ila uwe na ubao wa kulinganishia ulioupima kwenye kile kiti cha kushoto. Ya kukalia subiri ya kalibu.